Niliokota Ngoma Isiyoanguka

Jamani, chekeni mapema mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Mimi ndiye yule mama mliyemwona kwenye simu za watu, aliyepiga ngoma katikati ya kumbukumbu ya marehemu wa mwenzake. Ni kweli, na aibu yake bado inanichoma.

Walikuja wapiga fidla na vinanda pale mjini, wakiongozwa na Issa, kijana wa kijiji cha Busi aliyesomea muziki ng'ambo akarudi anatunga ule wa kisasa, wa kukaa na kusikiliza bila kucheza. Wangepiga Jumamosi na Jumapili, na Jumamosi baada ya onesho wangewasikiliza wapiga ngoma wa hapa Dodoma wamchague mmoja wa kwenda nao mikoani. Mimi muheme, ngoma yetu ya jadi, nimeupiga tangu sijaolewa (sisi wanawake wa Kigogo ngoma tunaibana mapajani), na nafasi ile niliitaka mpaka nikakosa usingizi. Mume wangu akasema watachukua vijana. Nikamwambia tutaona.

Mlangoni binti mmoja akaniamkia vizuri, akaomba ngoma ibaki kwake hadi onesho liishe. Nikakataa, ngoma ya marehemu shangazi yangu simwachii mtu. Hapo ndipo nilipojichongea. Nikaenda nayo hadi kiti cha mbele kabisa ili Issa anione, nikaibana mapajani, na wenzangu wa kwaya ya Ipagala, Mama Eliya na kundi lake, wakakaa nyuma kuniombea.

Mpiga fidla kubwa akawa anazikwaruza nyuzi, mwingine anagonga ubao wa kinanda, nami nikadhani bado wanaweka vyombo sawa (kumbe tumeshaanza zamani). Lakini nikavumilia, na nilipovumilia nikaanza kuusikia, kuna mahali fidla ililia kama upepo kwenye mabua ya uwele baada ya mavuno, nikasisimka mwili mzima. Mara wote wakanyamaza kwa pamoja. Issa mikono juu, jasho linamtoka, hakuna anayepiga, na kimya kinazidi kurefuka.

Sasa nyie mnajua. Kwetu mwenzako akipotea, ngoma haiachwi ife, aliye karibu anaiokota haraka kabla watazamaji hawajashtuka, ndivyo tunavyositiriana. Na aliye karibu nilikuwa mimi. Nikamwonea huruma mtoto wa watu, nikapiga taratibu, kisha nikakaza, Mama Eliya akaitikia kwa kigelegele, kwaya ikashika makofi, mzee mmoja mwenye tai akainuka kucheza, na mimi nimefumba macho najiona mkombozi. Nilipoyafumbua, Issa alikuwa ameshusha mikono. Mpiga fidla alikuwa amefunika uso.

Issa akasema kwa sauti ya chini, "Hicho kimya kilikuwa cha marehemu mama yangu. Muziki wote niliutunga ili tufike hapo."

Nikainuka nimwombe radhi, ngoma ikaniponyoka, ikabingirika hadi miguuni pake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Eliya akanivuta tuondoke. Nikamwambia nenda, mimi siondoki, nilichokuja kutafuta sijakipata. Nikasimama wa mwisho kwenye mstari wa wapiga ngoma, watu wananinyooshea vidole, na zamu yangu ilipofika sikupiga kwanza.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Kwetu ngoma ikinyamaza hivyo, tunajua mtu kazidiwa."

"Nilizidiwa kweli, mama," akasema. Kisha akanisikiliza nikipiga, akaniambia kesho nikae naye jukwaani, na kile kimya kikifika niishike ngoma nisiipige. Nikiweza, safari ni yangu.

Jumapili nikakaa. Watu wangu sikuwaeleza neno kuhusu hicho kimya, kwa aibu tu (mnaona ninavyojitafutia?). Kimya kikafika, nikaweka viganja juu ya ngozi. Jamani, kupiga ni rahisi. Vidole vinawasha, mabega yanataka kwenda, nikamkumbuka shangazi yangu na mikono yake, machozi yakanitoka, nami nikaapa moyoni kwamba leo sipigi hata paa lianguke.

Ndipo nikasikia kigelegele kutoka nyuma. Mama Eliya! Kaona nimenyamaza nalia, kajua nimezidiwa, kaamua kuniokota, na kwaya nzima ikamfuata kwa makofi na nguvu zote za Bwana.

Sikupiga. Sikugeuka. Issa naye hakushusha mikono, ingawa niliona mdomo unamcheza kwa kicheko. Wakapiga makofi wee, mpaka yakawaishia wenyewe mikononi, mmoja baada ya mwingine, na kimya kikarudi, kizito kuliko cha mwanzo, na safari hii ukumbi wote ulikuwa ndani yake.

Safari niliipata. Siku hizi ngoma naiacha mlangoni bila kubishana, na nikienda kusikiliza muziki wa watu naikalia mikono yangu. Na Mama Eliya nimemwambia waziwazi kwamba siku akiniona nimepotea tena, aniache nipotee.