Moshi wa Arobaini

Kwetu Makina, mtaani Kibra, mwanamke akitimiza siku arobaini baada ya kujifungua, alichimbiwa shimo dogo chumbani, likatiwa makaa na vijiti vya mti wenye harufu nzuri, naye akaketi juu yake amejifunika blanketi. Ndiko kujifukiza. Moshi ulipenya kuta za udongo, na majirani wakajua kwamba leo mke anampokea mumewe. Wakati huo Kibra ilikuwa ya Wazungu, na baba zetu wengi walikuwa askari wao. Wanawake wale nawakumbuka wote kwa majina, ila majina nawaachia wenyewe.

Mama alipozaa mtoto wa tano, damu ilikataa kukatika. Mkunga akamwambia akishika mimba nyingine upesi, hatapona. Nilikuwa msichana wa kuchota maji, nikasikia.

Arobaini ilipofika, shangazi, dada yake baba, akaja na vijiti. Hakuuliza. Akachimba, akawasha.

"Wifi, njoo uketi. Kaka yangu amechoka kulala kama padri."

"Alale kama askari. Si ndiyo kazi yake?"

"Wenzako wote walijifukiza siku ya arobaini."

"Na wengine wako makaburini wananukia."

Mama akachukua sufuria ya maji, akayamwaga yote juu ya makaa. "Mtoto huyu akiacha ziwa, nitawasha mwenyewe."

Shangazi akatoka kwa hasira, akamwambia baba pale barazani, "Mkeo amekushinda."

"Siku ile ya damu nilisimama hapa nikisikia mnamsomea Yasini," baba akasema. "Sitaki kuisikia tena."

Alilala chumba cha mbele mpaka mtoto alipoachishwa ziwa. Wenzake walimcheka kwenye kahawa, naye akaendelea kunywa kahawa yake. Nikisikia redioni kwamba wanawake wetu walifundishwa na wageni kuamua juu ya uzazi wao, mimi huzima redio.

Mama alijifukiza siku aliyotaka. Akazaa wengine wawili, akazeeka.

Baadaye binti wa shangazi naye akajifungua. Arobaini yake ilipofika tulikwenda watatu: shangazi, mama na mimi. Safari hii shangazi aliviacha vijiti nje, akaingia mikono mitupu.

"Uko tayari, mwanangu, au nirudi navyo nyumbani?"

"Rudi navyo."

Shangazi akaviokota, tukaenda zetu. Mama alitangulia. Alitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya.