Mpira Aliofunga Mzee Leo

Mzee Leodegar, kwetu Mzee Leo, haogopi gari. Anaogopa pikipiki. Miaka kumi na moja gereji yake imetazamana na kijiwe chetu cha bodaboda hapa Gongo la Mboto, na hajawahi kupanda hata mara moja, hata Jumapili ile mvua ilipomkuta na suti ya kanisani. Tukimtania anajibu, "Nyie endeleeni kuwahi. Mie nitafika tu."

Kwa hiyo Jumanne ile alipotoka mbio gereji, mikono imejaa oili, akarukia nyuma ya pikipiki yangu bila hata kuuliza nauli, niliingiwa na hofu kabla sijajua lolote.

"Chanika, Badru. Kimbiza kabla sijaua mtu."

Njiani alinishika kiuno hadi kucha zikanipenya, huku akinisimulia sikioni. Jumamosi iliyopita Mama Tupokigwe alimletea pikapu yake. Mama huyu ni mjane aliyetoka Tukuyu, anauzia watu wa Chanika maji kwa pikapu kuukuu ya otomatiki yenye tangi la lita elfu moja nyuma. Mkono wa gia ulikuwa umelegea kama jino la mtoto. Akiweka R, gari halirudi. Akiweka D, linanguruma tu, haliendi. Mzee Leo aliingia chini na hakuhangaika sana. Kebo inayotoka kwenye mkono wa gia hushikwa kwenye giaboksi na bushi ndogo ya plastiki, na bushi ile ilikuwa imelika yote. Giaboksi ni nzima. Inakosa tu kusikia mkono unasema nini.

Bushi haikuwepo dukani siku ile. Mama akasema wateja wake hawana maji tangu Alhamisi, afungiwe chochote. Mzee akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akafunga kebo, akakaza, akajaribu gia zote, zikakubali. Akamwambia arudi bushi ikifika.

"Sasa shida iko wapi?" nikamuuliza.

"Bushi imefika leo. Nampigia, hapokei. Nikainua trei ya kukingia oili chafu nisafishe, nikakuta kipande cha tyubu kilichobaki Jumamosi. Kilidondokea humo. Kimevimba kama andazi lililolowa chai. Nimekivuta kidogo tu, kikakatika. Na giaboksi ya yule mama inavuja, Badru. Inavujia palepale nilipofunga. Niliona. Nikafunga hivyohivyo."

Mpira ukilegea, mkono wa gia unakaa kwenye P, gia ya kuegeshea, vizuri kabisa, dereva anashuka ameridhika, kumbe kule chini giaboksi haimo kwenye P. Handibreki ya pikapu ile ilikufa zamani. Wenye otomatiki wengi huku kwetu wanahesabu P ndiyo handibreki, hata mimi ningehesabu hivyo.

Na kuna jambo la maji ambalo mzee hakuhitaji kunieleza. Muuza maji asiye na pampu huegesha juu ya mwinuko, matako ya gari yakiangalia nyumba ya mteja, ili maji yateremke yenyewe. Halafu yeye hushuka na bomba, akasimama chini, nyuma ya gari lake, mpaka tangi liishe. Nikazidisha mwendo. Mzee alikuwa anasali kwa Kihaya, na mimi kwa kimoyomoyo changu.

Tulimkuta kwa mteja wa pili tuliyeelekezwa. Pikapu ilikuwa juu ya kijia cha udongo mwekundu, na Mama Tupokigwe alikuwa chini yake, hatua tatu nyuma, ameinama kwenye mdomo wa kisima cha akiba cha mteja na bomba mkononi. Nikafungua mdomo nimwite. Mzee akanipiga bega.

"Usimshtue. Akikimbilia mlango wa gari kuingia, ndiyo tumemmaliza."

Akateremka akitembea taratibu mpaka kwenye tairi za nyuma. Hapo akasimama, akashika kichwa. Nyuma ya kila tairi kulikuwa na jiwe kubwa. Gari lote lilikuwa limeyalalia. Lakini bomba lilikuwa linavuja kwenye koki, udongo ulikuwa tope, na jiwe la kushoto lilishaanza kuteleza. Niliona limeacha alama ya urefu wa kiganja.

"Mama Tupo," mzee akaita kwa sauti ndogo. "Shikamana na ukuta wa nyumba, mama. Toka huko kwa pembeni. Usipite nyuma ya gari."

Mama akatutazama, akaweka bomba chini, akatoka kwa pembeni. Mimi tayari nilikuwa nabomoa mawe ya bustani ya mteja bila ruhusa. Tulipanga manne kila upande, tukafunga koki. Ndipo mzee akalala chali kwenye tope.

"Shika mguu wangu, Badru. Likisogea, vuta. Usiniulize, vuta."

Niliushika kwa mikono miwili. Akasema kutoka chini kwamba mpira umebaki uzi, giaboksi iko N, haijashika chochote. Akausukuma ule mkono mdogo wa giaboksi hadi ukalia tak, gari likajishika. Akatoa bushi mfukoni, akaitia. Dakika zile zilikuwa nyingi kuliko safari nzima.

Alipotoka alikuwa mwekundu kwa udongo, machozi yanamtoka waziwazi. "Mama, nisamehe. Mawe haya nani alikwambia uweke?"

"Wewe," akasema Mama Tupokigwe.

"Mie sikukwambia."

"Jumamosi, ulipokuwa unanipa ufunguo. Nimekuletea gari hili miaka sita, fundi. Kila siku unasema, 'Imepona.' Jumamosi ukasema, 'Mungu ataitunza.' Na ulikuwa unaangalia chini. Nikajua hapa kazi haijaisha, nimwachie Mungu yake na mie nitafute mawe. Tangu siku hiyo nayapanga kwanza, halafu narudi nyuma mpaka gari liyaguse."

Mzee Leo akaingia ndani ya gari, akapitisha mkono kwenye gia zote, akashuka kutazama chini, akarudia tena. Mwisho akampa ufunguo, akimtazama usoni.

"Imepona. Kesho ulete, nizibe oili na nifufue handibreki."

Mimi nilisubiri aongeze lile la Mungu kuitunza. Hakuongeza.

Mama Tupokigwe akapokea ufunguo, akamalizia maji ya mteja, akaliendesha gari mbele mpaka tambarare. Halafu akarudi kwa miguu kuchukua mawe yake mawili ayapakie nyuma, pembeni ya tangi. Mzee Leo akamtazama akiinamia la kwanza. Akaenda, akalibeba lile kubwa zaidi yeye mwenyewe.