Kovu la Ukurasa wa Tatu

Mwalimu wetu wa fasihi wanafunzi humwita Mzee wa Riwaya. Mimi nafundisha hesabu chumba cha pili, na kila mwaka humsikia kupitia ukuta wa mbao akiwasomea kitabu kilekile cha zamani, kilichochakaa hadi jalada limebanduka. Akifika pale mtoto wa hadithi anapoingia mara ya kwanza, hukifunga na kusema, "Haya, mchoreni kabla hajafungua mdomo." Eti mwandishi anayemjua mtoto wake huanza na magoti na meno, maneno baadaye. Nimemcheka sana kwa hilo.

Mwaka huu alikosa raha. Msichana wa kwenye riwaya ana miguu ya njiti, meno yaliyopishana na kovu la moto shavuni. Na darasani kwake ameletwa mwanafunzi mgeni, binti mwenye kovu la moto shavuni.

"Wakimgeukia wote kwa pamoja, si nitakuwa nimemmaliza?" aliniuliza ofisini, chai imempoa mbele yake.

"Uruke huo mstari, bwana. Nani atajua?"

Siku yenyewe niliwapa wangu zoezi refu, nikatega sikio. Akasoma miguu, akasoma meno, kovu akalipita mbio mbio. Mara ikasikika sauti ya msichana.

"Mwalimu, umeruka. Ana kovu. Mimi nimeshakisoma chote, kipo maktaba."

Nilikosa pa kuuweka uso, maana ushauri ulikuwa wangu. Nikatoka hadi dirishani kwao. Aliyesema alikuwa yule binti mgeni. Mzee akampa kitabu, naye akausoma mstari mzima, taratibu, bila kutetemeka.

"Liko upande gani?" akauliza mmoja wa mbele. "Kitabu hakijasema."

"Kulia. Niangalieni mimi."

Wakamgeukia wote kwa pamoja, vilevile tulivyoogopa. Halafu wakainama, wakachora. Binti akaanza kupita kati ya madawati, mikono nyuma, akichungulia daftari moja baada ya jingine.

"Dogo hilo, ongeza. Na wewe umeliogopa, ongeza."

Mzee akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Nami nikashusha yangu, nikacheka peke yangu pale nje. Akaomba penseli, akajibana kwenye dawati la nyuma, akaanza kuchora na yeye.

Binti alipomfikia, alisimama, akaitazama karatasi yake kwa muda.

"Hata lako ni dogo, mwalimu."