Kitanda Kilichozuiwa na Mahakama

Mtaani walimwita Milimita, kwa sababu seremala huyu hakuweza kukaa kwenye kiti chako bila kwanza kukikagua miguu. Siku karani wa mahakama alipokuja na amri ya zuio, moyo wa Milimita ulikuwa umekwisha kufa ganzi zamani. Kesi ilikuwa na miezi saba. Mwenye ghala alidai hakulipwa mbao zake. Milimita alisema aliletewa mbao mbichi, zikapinda. Sasa hakimu ameamuru: mpaka kesi iishe, kila chenye thamani karakanani kisiuzwe wala kisitolewe nje.

Karani akapita na orodha yake, anaandika, anabandika stika. Msumeno wa umeme, makabati mawili, hata kigoda. Milimita alimfuata nyuma kama mgeni. Hakukasirika. Dada yake, aliyesimama mlangoni, alikasirika kwa niaba ya wote wawili.

Pembeni kabisa, chini ya turubai, kilikuwepo kitanda cha mama yao. Mama alivunjika nyonga, alikuwa atoke hospitali Ijumaa, na daktari alikataza asilazwe chini. Milimita alimpima kutoka unyayo hadi goti, akakichonga kitanda kwa kimo hichohicho, na ubavuni akaweka mti wa kujishikilia.

Karani akafunua pembe ya turubai. "Hiki chakavu tu. Nakiacha."

Dada akashusha pumzi. Ilibaki kunyamaza, kazi ambayo hata jiwe linaiweza.

"Chakavu?" Milimita akazinduka. "Ndugu yangu, hiyo ni mbao ya mninga tupu! Tafuta msumari hapo. Ukiupata, kitanda chako."

Karani akainama, akapapasa maungio, akakubali kwa kichwa. Kisha akaandika, akabandika stika.

"Kaka," dada alisema walipobaki wawili, "mdomo umeponza kichwa."

"Najua."

"Hujui. Wewe unajua vipimo tu."

Alijua. Ila kujua huko hakukumuuma popote. Wakili alisema ombi la kukitoa lingesikilizwa mwezi ujao, na akikitoa kabla ya hapo, atakwenda kulala ndani yeye. Milimita akaitikia "sawa", akarudi nyumbani, akatandika godoro sakafuni.

Ijumaa mama akaletwa. Akalitazama godoro, akawatazama wanawe. Milimita akamweleza yote, pamoja na lile la msumari, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

"Amri inasema kitanda kisitoke karakanani?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Inasema mimi nisiingie?"

"Hapana."

"Basi nibebeni. Mnasubiri nini, hakimu aje anishike mkono?"

Wakambeba, wakavuka ua hadi karakanani, wakamketisha kitandani katikati ya makabati na harufu ya gundi. Nyayo zake zikagusa sakafu barabara. Akapitisha kiganja kwenye ule mti wa ubavuni, polepole, mpaka kikafika kwenye stika.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini angeandika chakavu, mwanangu, ungepungukiwa na nini?"

 Milimita akavuta kigoda chenye stika, akaketi miguuni pa mama. Ganzi ikaanza kumtoka, na ikauma.