Umri wa Marehemu

Kadi zile nilizijaza mimi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa mwalimu mchanga katika shule ya msingi kisiwani Nosy Be, na wakaja wageni kutoka mji mkuu na mizani na ubao wa kupimia kimo. Walitaka kulijua darasa zima: kila mtoto ana umri gani, kimo gani, uzito gani, anasomaje, na akisomewa maneno kumi anakumbuka mangapi. Walisema watarudi kila baada ya miaka michache kuwatazama watoto wale wale mpaka wawe watu wazima. Walirudi mara mbili, kupima kimo na uzito tu, kisha kimya. Sikuwalaumu, kila mtu alikuwa na shida zake.

Niseme mapema kwamba Kiswahili hiki niliolewa nacho. Nyumbani tulisema Kikomoro, darasani Kimalagasi, ofisini Kifaransa, na mume wangu alikuwa mtu wa Unguja asiye na subira ya kujifunza lugha ya mtu.

Mdogo wangu alikuwa katika darasa lile. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kadi yake inasema kumi na mitano.

Sisi ni watu wa mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, na babu zetu walitoka kisiwa cha Ngazidja, Komoro. Mwaka wa balaa, muda mfupi kabla ya kadi zile, watu wetu walipouawa mitaani na nyumba zikachomwa moto, tulitoka na nguo za mwilini. Baba hakutoka. Wengi walipelekwa Komoro. Mama alituchukua kaskazini, kwa jamaa zake Nosy Be. Kasha la karatasi liliungua na nyumba. Ukiacha vyeti vyangu vya kazi, vilivyokuwa mkobani, ilipona karatasi moja tu: cheti cha kuzaliwa cha ndugu yetu wa kike, aliyekuja baada yangu na kabla ya mdogo wangu, akafa kwa homa hata hajatembea. Mama alikiweka ndani ya jalada la msahafu wake, na msahafu ndio aliotoka nao mkononi. Akina mama wetu wengi hufanya hivyo. Cheti cha mtoto aliye hai hukaa kashani, cha aliyekufa hukaa karibu na mama.

Shule ilitaka cheti. Kupata kipya ilibidi uende mahakamani na mashahidi, ueleze wewe ni nani na umetoka wapi. Thubutu! Mtu wa asili ya Komoro, miezi ile, asimame mbele ya meza ya serikali aanze kueleza ametoka wapi. Mama akakitoa kile cheti, akakinyoosha juu ya paja lake, akamwambia mdogo wangu, "Kuanzia leo wewe ni huyu." Akampa jina la marehemu na miaka yake minne ya ziada. Jina la kwake mwenyewe, lile alilopewa siku ya saba, tukakatazwa kulitaja hata jikoni.

Basi siku ya vipimo alikaa mbele yangu. Nikamsomea maneno kumi. Akayarudia yote kumi, kwa mpangilio, kisha akayarudia kutoka mwisho kuja mwanzo bila kuulizwa. Alipenda kujishaua, mshenzi yule mdogo. Ndipo akaja bwana wa ubao wa kimo, akampima, akatazama cheti, akakunja uso. "Huyu ana kumi na mitano? Mbona yuko hivi?"

Nikasema, "Alikuwa mgonjwa sana utotoni. Ni mzito kidogo wa kichwa."

Bwana akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika kimo, akaenda kwa mwingine. Nami, ili hadithi isimame, nikaandika kwenye nafasi ya maneno: manne. Kwenye maoni ya mwalimu nikaandika: mzito. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, walimu wakuu wote waliusifu.

Mdogo wangu aliweza kusoma maandishi yaliyopinduka. Alisubiri tufike nyumbani. "Dada, mbona umeniandika mjinga?" Nikamwambia afunge mdomo wake. Hakunisemesha juma zima, na mimi niliona nimefanya la maana, nimetuokoa. Aibu ilikuja baadaye sana, na ilipokuja haikubisha hodi.

Alikua. Alipata kazi katika duka la dawa pale Nosy Be, akakaa nayo maisha yake yote. Alijua kila rafu. Mtu akija na karatasi ya daktari iliyoandikwa kama kuku kapita juu yake, yeye aliisoma na kucheka. Aliolewa, akazaa mtoto mmoja wa kiume, akafiwa na mume. Mimi nilirudi Mahajanga mji ulipotulia, nikafundisha mpaka nikastaafu. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo wasemavyo. Yetu ilikuwa ndefu, na tulitembea humo wote wawili kwa raha zetu.

Kisha mwenye duka akanipigia simu. Mdogo wangu alikuwa amempa mtoto dawa ya mtu mzima. Mama wa mtoto aliona mapema, hakuna aliyedhurika, lakini haikuwa mara ya kwanza. Nilimfuata. Tulivuka bahari hadi bandari ya Ankify, tukapanda gari, na njiani aliniuliza tunakwenda wapi mara nyingi hata dereva akaacha kutabasamu. Hapa kwangu anaswali adhuhuri, anakunja mswala, anakaa, kisha anaukunjua na kuswali adhuhuri tena. Mwanzoni nilimwambia. Siku hizi namwacha, Mungu anajua hesabu yake.

Mwaka huo huo akaja daktari. Msichana mdogo wa nyanda za juu, mpole, viatu vyake anavivua mlangoni bila kuambiwa. Alisema kadi zimepatikana katika kabati la ofisi moja mji mkuu, karibu zote. Sasa wanawatafuta watoto wale, ambao sasa wanaukaribia uzee, waone nani ana sukari, nani ana presha, nani anasahau, na kama yaliyoandikwa darasani yalionyesha lolote la uzeeni. Aliniita "Madamu" na akanionyesha mwandiko wangu kana kwamba ni hazina. Nilimsaidia kuwatafuta. Wengine tuliwapata, wengine tulipata makaburi yao.

Daktari alimpima mdogo wangu sebuleni kwangu. Maneno kumi. Mdogo wangu akatabasamu, akatazama dari, akatoa manne.

Daktari akaweka karatasi mpya kando ya kadi. "Habari njema, Madamu. Utotoni manne, leo manne. Hajashuka. Na hapa mwalimu ameandika alikuwa mzito, na kimo chake kwa miaka kumi na mitano kilikuwa kidogo sana. Ndivyo alivyo tangu mwanzo." Akaeleza kwamba wanaopelekwa kwa bingwa wa ubongo mji mkuu, kwa gharama za utafiti, ni wale walioshuka tu. Yeye hahitaji.

Nikamwambia kuhusu duka la dawa. Nikamwambia kuhusu zile rafu.

"Kila familia husema mgonjwa wao alikuwa hodari," alinijibu, si kwa dharau. "Ndiyo maana tunazithamini kadi. Kadi haina mapenzi."

Ningepaswa kupiga kelele. Mimi ni mtu wa kelele, waulize majirani. Lakini sikuhisi kitu. Nilikusanya vikombe, nikaviosha, nikaviosha tena. Siku kadhaa nilikwenda sokoni na kurudi, nikapika, nikala, na chakula hakikuwa na ladha yoyote. Nikitazama ukuta naona ukuta.

Nikampigia simu mwanawe, anayefanya kazi ng'ambo. Nilimweleza yote kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mama mkubwa, nyumba yake, pensheni yake, ndoa yake na baba, vyote viko kwa jina hilo. Ukilifungua, mimi nitakuwa mtoto wa nani?" Alikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yenyewe hayakuwa yangu. Daktari alirudi Alhamisi kumpima presha. Mdogo wangu alikuwa mkekani, anachambua mchele ambao nilikwisha kuuchambua. Nikamweleza daktari kila kitu: msahafu, cheti, miaka minne, maneno kumi yaliyorudiwa mbele na nyuma, na manne niliyoyaandika mimi. Nilisema bila kupandisha sauti, kama ninayeita mahudhurio.

Aliweka kalamu chini. Kisha akaishika tena, akaandika pembeni ya karatasi yake: kumi na mmoja, kumi. Akachora mstari mpaka kwenye manne ya leo.

"Basi ameporomoka," alisema. "Ameporomoka sana, Madamu, na bado hajawa mzee."

Nilikuwa nimemrudishia mdogo wangu akili zake, na papo hapo nimesikia zimekwenda. Hapo niliumia. Niliumia kifuani, mahali hasa pa kuonyesha kwa kidole, na nilishukuru kwamba ninaumia.

Daktari alisema kwenye utafiti lazima amtoe, kadi yake haiaminiki. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama kadi nyingine za darasa lile niliziandika mimi.

"Zote."

"Na hizo ni za kweli?"

"Ni za kweli."

"Nitajuaje?"

Angejuaje kweli? Watu wazima walioniamini, waliotoa damu na kuhesabu maneno sebuleni kwao kwa sababu mimi niliwabishia hodi, nao nimewachafulia kadi zao. Daktari akasema atamwandikia mdogo wangu barua ya hospitali mji mkuu kwa jina lake yeye daktari, si la utafiti. Safari na matibabu tutajitegemea. Nikasema nimekubali. Akauliza mgonjwa anaitwa nani hasa, amwandike kwa umri wake wa haki.

Niligeukia mkekani. Nikamwita kwa jina lake la siku ya saba, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Jina lilinitoka kwa shida, kama si letu.

Mikono yake ilisimama ndani ya mchele. Alinitazama kwa upole.

"Huyo alikufa," alisema. "Alikuwa mtoto mdogo, maskini. Homa."

Ndivyo nilivyomfundisha kujibu mtu akimtajia jina hilo, siku ya kwanza ya shule, mara mia moja kabla hatujatoka mlangoni. Nilianza kulia mbele ya daktari, kwa sauti, na sikuweza kuacha. Mdogo wangu akaweka ungo pembeni, akajikongoja mpaka kwenye kiti changu, akanishika mikono yote miwili kama ilivyo desturi ya matanga.

"Pole sana, mama," akaniambia. "Alikuwa nani wako?"