Sanduku Lilikwenda kwa Gari, Mimi kwa Baskeli

Gari la marehemu mume wangu nililiuza kwa sababu nilichoka kulitumikia. Watu wa kijiji chetu, Vitongoji, walitunga sababu nyingine, kila mmoja na yake: nimefilisika, naumwa macho, nimerogwa. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Wangeniuliza ningewaeleza kwamba gari hilo lililala kwa fundi mjini Chake zaidi kuliko lilivyolala kwangu, likisubiri kifaa kije na meli kutoka Unguja, na kifaa kikifika sicho. Hata likiwa zima halikuwa langu. Lilikuwa la maharusi wa mtaa mzima, la magunia ya muhogo, la mjomba anayetaka kwenda Wete kusalimia watu. Mimi nilikuwa dereva wake tu, tena dereva anayejitilia mafuta.

Baskeli niliianza kwa lazima. Gari lilikuwa kwa fundi, nami nasomesha skuli Chake na kipindi cha kwanza ni changu. Nikaazima baskeli ya kike kwa jirani, nikavaa suruali ndani ya baibui, nikalikusanya baibui kwa pini lisiingie kwenye mnyororo, nikaondoka. Nilifika kabla ya kengele, nimelowa jasho, na nina furaha ambayo sikuitarajia. Mwezi haukwisha nikanunua yangu. Gari likapata mwenyewe mwengine wa kulisukuma.

Ndani ya gari nilikuwa nikiona barabara. Juu ya baskeli nikaanza kuona watu. Msimu wa karafuu, majamvi yanapotandikwa pembezoni mwa lami, nilijua nani amechuma mapema, nani amewaachia watoto kugeuza, na nani hasemi na jirani yake kwa sababu ya upana wa jamvi. Watu walioninyooshea mkono kwa miaka wakidhani nitawapa lifti sasa walisimama kunisalimia, na salamu zikawa na habari ndani yake.

Kaka yangu mkubwa hakuziona faida hizo. Alikuja nyumbani, akakataa chai, akanikumbusha sisi ni watu gani. Babu yetu alikuwa na mashamba ya mikarafuu mpaka macho yanachoka, na gari wakati magari kisiwani humu yalikuwa machache. Mashamba yaliondoka, alisema, lakini hakuna aliyewahi kumwona mwanamke wa nyumba yetu anakanyaga pedeli. Nilimwambia kwamba mashamba yalipoondoka tulijifunza kulima kama watu, na sasa tujifunze kwenda kama watu. Wasichana wa skuli wanapita na baskeli zao na hakuna anayewageukia. Akasema mimi si msichana wa skuli. Nikamwambia hilo nalijua, magoti yangu hunikumbusha kila asubuhi.

Mambo yangeishia hapo kama kijana wangu asingechumbia msichana wa kijiji cha Wawi.

Kwetu, kabla ya nikaha, wanawake wa upande wa mume hupeleka sanduku kwa bibi harusi. Ndani mna nguo, viatu, mafuta mazuri, udi, kila kitu cha kumvika mtu upya. Sanduku huenda limefungwa, na ufunguo hukaa kwa mama wa bwana harusi. Yeye ndiye anayelifungua mbele ya wanawake wa upande wa pili, na kitu kimoja kimoja hutolewa kikaonyeshwa. Zamani watu waliuliza kilichomo. Siku hizi swali la kwanza ni sanduku limekuja na gari ngapi.

Wiki moja kabla, mshenga alileta maneno ya nyanya wa bibi harusi, bibi kizee ambaye nyumba ile haikati shauri bila yeye. Alikuwa amesikia habari za baskeli. Alisema mama wa bwana harusi akija nayo, sanduku litarudi kama lilivyokuja. Kama siwezi kupanda gari kama watu wazima, basi ufunguo nimpe mtu mwengine nami nibaki nyumbani.

Kijana wangu alikaa na maneno hayo siku nzima kabla ya kuja jikoni.

"Mama, siku moja tu," alisema. "Ukisharudi, panda hata punda."

"Nikishuka siku moja, nimesema mwenyewe kuwa ni aibu. Kesho yake nitaipandaje?"

Hakunisemesha tena mpaka siku yenyewe. Simlaumu, harusi iliyokuwa hatarini ni yake. Nilimwambia mke wa kaka yangu sanduku liende kwa gari, na wanawake wote waende kwa gari, nisiwakatalie starehe yao. Ufunguo niliufunga kwenye pembe ya mtandio wangu. Wawi si Unguja; baskeli inafika.

Kaka yangu ndiye aliyeendesha gari la mbele. Magari yalinipita kabla sijatoka kijijini, wanawake wanapiga vigelegele, na nadhani vingine vilikuwa vya kunicheka mimi. Nilipofika, magari yalikuwa yamepangwa uwanjani na ndani hakukuwa na wimbo. Sanduku lilikuwa katikati ya mkeka. Pande mbili za wanawake zimekaa zikilitazama kama maiti. Nilivua viatu, nikatoa salamu, nikaenda kumpa mkono bibi kizee. Aliupokea.

"Umekuja na chombo chako?"

"Nimekuja nacho, Bi Mkubwa. Nimekiegemeza kwenye mnazi."

"Basi nikuulize mbele ya watu. Mjukuu wangu akishikwa na uchungu, utampakia kwenye keria?"

Chumba kizima kilicheka, upande wetu pia. Mke wa kaka yangu alijifunika uso na kanga. Nami nilitaka kucheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri, na katika watu wote waliokuwa wakinisema, huyu peke yake alikuwa na swali.

"Sitampakia kwenye keria," nilisema. "Nitampigia simu jirani mwenye gari. Nyinyi mlifanya vipi alipozaliwa yeye? Maana uwanjani nimeona magari, na yote ni ya kukodi, na yote tumekuja nayo sisi."

Kicheko kilikatika. Nilijua nimekwenda mbali, lakini nilikuwa nimeshafika huko, kwa hiyo nikaendelea. Niliwaeleza kwamba nilipokuwa na gari, jirani yangu alishikwa na uchungu alfajiri, wakanijia mimi wa kwanza. Tulilisukuma gari lile mpaka njia panda na halikuwaka. Muda wote huo tungekuwa tumeshatafuta jengine. Mwishowe alikwenda kwa bodaboda, amekaa katikati ya dereva na dada yake.

Bibi kizee alinitazama. "Akajifungua salama?"

"Salama. Lakini tangu siku ile sijaamini kuwa gari kukaa mlangoni ni sawa na kufika."

Alitafuna tambuu yake. Kisha akamwambia mmoja wa binti zake anipe maji, mtu anatoka jasho anaachwa na koo kavu, ndiyo adabu gani. Nilipokwisha kunywa akanyoosha kidole kwenye sanduku.

"Haya, fungua. Tumekaa sana."

Vigelegele vya safari hii nilivijua vilikuwa vya nini.

Kwetu sinia halirudi tupu. Wakati wa kuondoka, wenye magari walipewa masinia ya halua na mikate ya kumimina, nami nikapewa fungu langu katika kikapu, nikakifunga kwenye keria. Bibi kizee alitoka na mkongojo wake mpaka kwenye mnazi. Aliinama, akabinya gurudumu la nyuma kwa kidole gumba, akaguna. Pampu ilitolewa uvunguni mwa kitanda chake. Ilikuwa ya nani, sikuuliza.

Kaka yangu alinifuata nyuma njia nzima, akipiga honi nimpishe. Palikuwa na kilima, na majamvi ya karafuu kushoto kwangu. Sikumpisha mpaka kilima kilipokwisha.

Kijana wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia sanduku limefunguliwa, baskeli imetiwa upepo, na kesho nakwenda nayo skuli.