Kipimo Kilisema Sina Kitu

Nilikuwa kidato cha tatu, nalala bwenini hapa Mpanda mjini, na akili yangu yote ilikuwa kwenye mbio. Alfajiri kabla ya uji tulishika barabara ya Kakese. Jioni tulizunguka uwanja mpaka mwalimu wa michezo achoke kututazama, naye hakuwa mtu wa kuchoka upesi. Mashindano ya mkoa yalikaribia, na mshindi angekwenda taifa. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote.

Basi mwili ukaanza vituko. Mafua hayaniachi, midomo inatoka vidonda, nikijikwaa kidole hakiponi. Nikipimwa malaria, hamna. Kisha siku zangu zikakata, mwezi wa kwanza na wa pili.

Matroni ndiye aliyegawa pedi, akaona sijitokezi kuchukua. Akaniita, akanipa kikopo cha mkojo. Hakuniuliza nalala vipi, nakula nini wala nakimbia kiasi gani. Msichana wa shule siku zake zikikata, swali ni moja tu. Kipimo kikasema sina mimba. Nikadhani sasa watatafuta kinachonisumbua. Mwalimu wa michezo alipopewa majibu akashusha pumzi.

"Hana kitu huyu," akasema. "Jioni uwanjani."

Sina kitu, na miguu inatetemeka nikipanda ngazi! Hasira ile ninayo hadi leo. Mwezi uliofuata kikopo tena, majibu yale yale, uwanja ule ule.

Mama alipokuja kunitembelea aliniona mashavu yamebonyea, akaniombea ruhusa na kunipeleka hospitali. Daktari aliuliza kuhusu chakula, usingizi na mazoezi. Akatueleza kwamba mwili unaokua ukikamuliwa kila siku bila kula vya kutosha, homoni za uzazi hupungua, kwa kuwa mwili unabana matumizi. Kinga nayo hushuka, ndiyo maana kila mafua yanayopita yanaingia kwangu. Akaagiza nipumzike na nile, mbio baadaye. Maneno machache tu, ambayo mtu yeyote pale shuleni angeweza kuyafikia kama angeniuliza.

Mashindano yalinipita nikiwa nyumbani Kakese, nalishwa wali na maziwa. Nililia sana, sifichi. Aliyekwenda taifa ni msichana niliyekuwa nikimwacha nyuma kila jioni.

Nilirudi shule nimenenepa kidogo, na siku zangu zikarejea. Asubuhi hiyo nilikwenda mwenyewe kwa matroni kuomba pedi, najiona kama mtu aliyeshinda kesi. Akanipa. Kisha akafunga mlango, akanishika mkono, akaongea kwa upole kabisa.

"Niambie ukweli tu, mwanangu. Ile mimba ulikwenda kuitoa wapi?"